Dirisha Limzuie Mwizi, Lisikufungie Wewe

Ukipita Nateete, Kabowa au vichochoro vya Ndeeba jioni, ni nadra kuona dirisha lisilo na vyuma. Vingine vimepindwa maua na kupakwa rangi ya fedha, vingine ni nondo tupu zilizosimamishwa wima. Mwenyewe huvitazama akaenda kulala kwa amani. Lakini vyuma vingi vya namna hiyo vimeshikizwa kwenye plasta tu, na mtu mwenye mtaimbo huving'oa vyote kwa pamoja, maua na fremu yake. Vingine vimekazwa kiasi kwamba hata mwenye nyumba hawezi kutoka siku moto utakapoanzia sebuleni. Usiku dirisha lina kazi mbili: kumchelewesha anayetaka kuingia na kumwachia njia anayelazimika kutoka. Fundi aliyeifanya ya kwanza peke yake hajamaliza kazi, hata kama amelipwa yote.

Maelezo haya yanazihusu nyumba za Lubaga, hapa Kampala, kama zilivyo: zile za zamani za Mengo na Namirembe, za ghorofa zinazoinuka Lungujja na Mutundwe, na mizigo, vile vyumba vya kupanga vilivyoshikana mstari mmoja ambamo wanaishi watu wengi wa Ndeeba na Nakulabye. Fedha haitoshi kwa wengi wetu, kwa hiyo nitaanza na yale yanayostahili shilingi ya kwanza.

Zunguka nyumba kabla ya kumwita fundi

Toka nje uizunguke nyumba yako mara mbili, mchana na tena giza likishaingia. Mchana tafuta mahali ambapo mtu anaweza kufanya kazi robo saa bila kuonekana. Kwa kawaida si dirisha la mbele. Ni la jikoni, la bafu, au la chumba cha watoto kinachotazama ukuta wa jirani, pale palipobaki upenyo wa kupita mtu mmoja. Uzio mrefu uliojenga kwa gharama kubwa humficha mwizi akishauruka, kwa hiyo usiuhesabu kuwa ulinzi wa dirisha.

Lubaga ni nchi ya vilima, na hili wengi hulisahau. Nyumba nyingi kwenye miteremko ya Lubaga yenyewe, Namirembe na Mutundwe zimechimbiwa mlimani. Dirisha la nyuma ambalo kutoka uani kwako halifikiki bila ngazi, kwa aliyesimama kwenye kiwanja cha juu yako liko usawa wa magoti. Mwombe jirani ruhusa, kasimame huko juu utazame chini. Tazama pia tangi la maji, mfenesi ulioegemea ukuta, paa la mabati la jirani na mabomba ya maji machafu yanayopanda hadi ghorofani. Dirisha la ghorofa ya kwanza lililo juu ya paa la jikoni ni dirisha la chini.

Bondeni, pande za Nalukolongo na zile sehemu za Ndeeba zinazojaa maji mvua ikinyesha, adui wa kwanza ni kutu. Chukua bisibisi uchokonoe pembe za chini za grili na mahali nondo zinapoingia ukutani, maana maji hutuama hapo. Rangi inaweza kuwa nzuri juu ilhali chuma ndani kimeliwa. Bisibisi ikizama au magamba yakidondoka, dirisha hilo ndilo la kutengeneza kwanza, hata kama lile la sebuleni ndilo linaloonekana baya.

Usiku washa taa zote, acha pazia wazi, kasimame nje. Kila unachokiona, mwingine naye anakiona: kompyuta ya mkononi mezani, simu inayochajiwa karibu na dirisha, mkoba ulioning'inizwa kwenye kiti. Pazia zito ni ulinzi wa bei nafuu kuliko wote.

Kwanza ukuta, halafu chuma

Watu huuliza nondo ya unene gani inafaa. Swali la kwanza lingekuwa: imeshikwa na nini? Grili yenye nguvu iliyofungwa kwa skrubu fupi na vizibo vya plastiki kwenye plasta ina nguvu za plasta, basi. Matofali yetu ya kuchoma ni laini, mengine huvunjika kwa mkono, na skrubu iliyokaa karibu na ukingo wa tofali hulipasua siku ile ile inapokazwa.

Kwa nyumba inayojengwa, njia bora ni ya zamani: fremu ya chuma yenye makucha, yaani vipande vya chuma bapa vilivyochomelewa pande zote na kupasuliwa ncha kama mkia wa samaki, vikajengewa ndani ya ukuta kwa zege au udongo wa saruji wenye nguvu, sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga. Kisha ukuta umwagiwe maji kila siku kwa wiki nzima. Mafundi wenye haraka huweka fremu baada ya ukuta kukamilika na kuzibia pembeni kwa matonge ya saruji. Kataa. Simama pale siku ya kuweka fremu, kwa sababu plasta ikishapakwa hutaona tena kilichofanyika.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, toboa hadi ndani ya tofali lenyewe, sentimita 10 au zaidi, katikati ya tofali na si kwenye mwungano wake. Ingiza vipande vya nondo kwa saruji, viache vikauke vizuri, ndipo grili ichomelewe juu yake. Sehemu nne hazitoshi kwa dirisha la kawaida. Weka walau tatu kila upande wa kusimama, na juu na chini pia. Ukilazimika kutumia skrubu, ziwe ndefu na vichwa vyake vichomelewe ili zisifunguliwe.

Nyumba za zamani za Mengo zenye fremu za mbao zina tatizo lake. Nondo zilizopenyezwa kwenye mbao ni imara kadiri mbao yenyewe ilivyo imara, na mchwa hula kutoka ndani. Gonga fremu kwa mpini wa nyundo. Ikitoa sauti ya kitu kitupu, usihangaike na nondo. Fremu ibadilishwe, au grili ishikwe kwenye ukuta bila kuitegemea mbao hata kidogo.

Grili iwe ndani ya kioo, upande wa chumbani. Madirisha yetu mengi ya chuma hufunguka kwa nje, kwa hiyo hili ni rahisi, na lina faida: mwizi hana budi kuvunja kioo kwanza, na kioo kina kelele.

Sasa chuma chenyewe. Nondo ya mraba ya milimita 12 iliyo kitu kizima inatosha kwa nyumba ya kawaida. Tatizo ni kwamba mabomba ya mraba yaliyo matupu ndani hupakwa rangi ile ile, na kwa mbali hayatofautiani. Yana bei nafuu, ni mepesi, na msumeno wa chuma huyakata kwa muda mfupi. Uliza kuona ncha iliyokatwa kabla haijachomelewa. Nenda na kalipa au hata rula ndogo, kwa kuwa nondo inayouzwa kwa jina la milimita 12 si lazima iwe na 12. Fundi wa kweli hatachukia ukipima. Ukanda wa Ndeeba hadi Nalukolongo, na Katwe ng'ambo ya barabara, una wachomeleaji wenye ujuzi mkubwa, na wale wazuri hupenda mteja anayeelewa anachonunua.

Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 12. Wapo wezi wanaotanguliza mtoto mwembamba ili aingie awafungulie mlango, na panapopita kichwa cha mtoto mwili wake hufuata. Nondo ndefu za wima zisiachwe bila vyuma vya kulala, kwa sababu jeki ya gari ikiwekwa kati ya mbili huzitanua bila kelele. Kila nusu mita ya urefu ipite nondo ya kulala, ichomelewe kwenye kila makutano.

Kuhusu kuchomelea, nina ushauri mmoja ambao umeokoa watu fedha: mwambie fundi asisage wala kupaka rangi kabla hujaja kutazama. Chuma kilichogusishwa tu nukta moja husagwa kikawa laini, kikapakwa rangi, kikapendeza, na teke moja likakiachanisha. Pale palipochomelewa panatakiwa pazunguke kiungio chote. Ukisharidhika, ndipo ije rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu, pande zote hadi zile zitakazoingia ukutani, halafu rangi ya juu.

Njia ya kutokea

Hapa naomba usiharakishe.

Usiku wa kuamkia 26 Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli huko Machakos, Kenya, liliteketea. Wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka saba baadaye, Aprili 2008, moto uliunguza bweni la wasichana la Buddo Junior School, huku kwetu kwenye barabara ya Masaka, mbele ya Busega. Watu wapatao 20 walipoteza maisha, wengi wao watoto, na milango ilikuwa imefungwa. Mwaka huo huo Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaoagiza madirisha ya mabweni yasiwe na grili na yafunguke kwa nje. Kwenye nyumba zetu hali ni tofauti. Kila mwenye nyumba anajiamulia, na wengi wameamua kumwogopa mwizi peke yake.

Mwizi huchukua televisheni. Moto huchukua watu. Kwa hiyo kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo grili yake inafunguka kutoka ndani. Si nyumba nzima iwe na dirisha moja la namna hiyo. Kila chumba, kwa sababu moshi ukijaa kwenye ukumbi hutafika chumba cha pili. Sehemu inayofunguka iwe na upana usiopungua sentimita 50 na urefu usiopungua 60, mtu mzima apite. Bawaba ziwe upande wa ndani na pini zake zichomelewe juu na chini zisichomoke.

Kufuli ndilo linalowashinda wengi. Lifungwe upande wa ndani, na fundi achomelee kibati cha kulifunika ili mkono unaopenya kati ya nondo usilifikie. Ufunguo ukae kwenye msumari ukutani, umbali ambao fimbo ya mtu aliye nje haifiki lakini wewe ukiwa kitandani unaufikia gizani kwa kupapasa. Usikae kwenye mkoba wa mama, wala kwenye droo, wala kwenye kishada cha funguo za gari. Na makufuli ya vyumba vyote yafanane, ufunguo mmoja ufungue lolote. Ukinunua, mwambie mwenye duka unataka yenye ufunguo wa aina moja.

Kisha jaribuni. Zimeni taa, kila mtu afungue dirisha lake na kutoka, pamoja na bibi na mtoto wa miaka sita. Mtagundua kufuli limeshika kutu, bawaba imepakwa rangi ikaganda, au mtoto hana nguvu za kuzungusha ufunguo. Tone la mafuta kila baada ya miezi michache linatosha kwa mawili ya kwanza. La mtoto linahitaji kufuli jepesi zaidi, au mtu mzima wa kulala naye chumba kimoja.

Mzigo una hatari yake ya pekee. Mara nyingi mlango na dirisha viko ukuta mmoja, wa mbele, na nyuma ni ukuta wa mpangaji mwingine. Moto ukianzia mlangoni, vyote viwili vimekwenda. Mshumaa, gesi na mtungi wa mafuta ya taa visikae karibu na mlango. Na sigiri isilale ndani kamwe. Najua kwa nini watu huiingiza: nje ni baridi, mvua inanyesha, na sigiri ikiachwa uani huibiwa. Lakini mkaa unaowaka hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na chumba kilichozibwa kila upenyo kwa kuhofia wezi ndicho inachokijaza haraka. Afadhali upoteze sigiri.

Luva, vioo vya kuteleza na mkono unaopenya

Luva ni dirisha zuri kwa joto na baya kwa usalama. Vioo vyake vimekaa kwenye vishikio vya bati ambavyo hukunjuliwa kwa vidole, na mtu huvichomoa kimoja kimoja na kuvipanga chini bila kuvunja hata kimoja. Grili nyuma ya luva ni ya lazima. Mpaka uipate, paka gundi ngumu ya kuchanganya pande zote mbili za kila kioo ndani ya kishikio chake.

Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, ambayo sasa yamejaa kwenye nyumba mpya, hufungwa kwa kakulabu kembamba. Mengi unaweza kuyanyanyua kutoka kwenye reli yake na kuyatoa. Dawa ni mbili na zote ni nafuu: fimbo ya mbao iliyokatwa sawasawa na kulazwa kwenye reli ya chini, ili dirisha lisisogee, na skrubu mbili kwenye reli ya juu, zikiachwa zimechomoza kidogo ili lisinyanyuke. Lakini fimbo iwe inatoka kwa mkono mmoja, maana kila nilichosema kuhusu moto kinahusu dirisha hili pia.

Grili ikishakuwa imara, mwizi wa Kampala hubadili mbinu. Hang'oi kitu. Anachukua mti mrefu wenye kulabu ya waya, anaupenyeza kati ya nondo, anavuta suruali kwenye kiti, simu kwenye chaja, mkoba kwenye msumari. Kinachomzuia ni wavu wa chuma wenye matundu madogo. Ule wa kuanikia kahawa, unaopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, unafaa, na ukiwa wa matundu madogo sana mbu nao hawapiti. Uwekwe kwenye fremu yake yenye bawaba, ufunguke pamoja na grili. Usisahau matundu ya hewa juu ya dirisha. Weka wavu, usiyazibe, kwa sababu nyumba isiyopumua huleta ugonjwa.

Watu wengi huamini kwamba wezi hupuliza dawa ya usingizi dirishani ndipo waingie, na kwa hofu hiyo wanafunga madirisha yote usiku kucha. Chuo cha Kifalme cha madaktari wa usingizi cha Uingereza kimewahi kueleza kuwa haiwezekani kumlaza mtu bila kujua kwa kupuliza dawa kama klorofomu kupitia dirishani. Dawa hizo zinahitaji kiasi kikubwa, na harufu na muwasho wake humwamsha mtu. Kama mliibiwa usiku bila kuamka, kilichowafanya msisikie ni uchovu wa siku na mvua juu ya mabati. Mvua kubwa ya usiku ndiyo saa ya msumeno. Ukiamka wakati wa dhoruba, zunguka vyumba ukiwa na tochi.

Wewe, mwenye nyumba na jirani

Mpangaji asichomelee chochote kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inamtaka mwenye nyumba atoe mahali panapofaa kukaliwa na binadamu, lakini nani analipia grili na kama itakatwa kwenye kodi ni makubaliano ya kufanya kati yenu. Yaandikeni. Wapangaji wa mzigo mmoja wakiungana kumwendea mwenye nyumba, husikilizwa kuliko mmoja anayelalamika peke yake, na fundi hupunguza bei akipewa madirisha manane badala ya moja.

Nyumba huvunjwa sana inapokuwa tupu: Jumapili asubuhi watu wakiwa misani kwenye kanisa kuu la Lubaga, siku ya Idi, tarehe 3 Juni wengi wakielekea Namugongo, na Desemba tunapokwenda kijijini. Acha mtu. Kama huna, mwambie jirani unayemwamini na mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), lakini usimtangazie bodaboda wala muuza mboga tarehe ya kurudi.

Ikitokea umesikia chuma kinakatwa, washa taa, piga kelele, piga simu polisi kwa 999 au 112, usifungue mlango. Mwizi akikamatwa na majirani, mkabidhini kwa polisi akiwa mzima. Tumeona watu wasio na hatia wakipigwa hadi kufa katika jiji hili kwa neno moja la kelele, na damu hiyo hairudishi kitu.

Ukikuta dirisha limeshavunjwa, usisafishe. Piga picha za grili, za ukuta na za alama za viatu, mwite mwenyekiti wa LC1 aone, kisha nenda kituo cha polisi ukaandikishe na usiondoke bila namba ya SD, yaani ya daftari la kituo, kwa kuwa bila hiyo hakuna anayeweza kufuatilia kesi yako. Namba ya IMEI ya simu iwe imeandikwa mahali tangu siku ulipoinunua. Unaipata kwa kubonyeza *#06#. Kama funguo zimechukuliwa, makufuli yote yabadilishwe. Na dirisha hilo lizibwe siku hiyo hiyo, hata kwa mbao na misumari mirefu kutoka Ndeeba, maana aliyeingia jana ameshaijua njia na anajua ulichobakiwa nacho.